Rekodi Isiyoachiwa

Alibonyeza namba ya kubadilisha, na rekodi ya mume wake ikaja nzima kwenye skrini, kijani juu ya weusi. Namba ya kazi. Jina. Cheo: fundi wa nguzo. Kituo: handaki la chini. Mtu wa karibu: hapo palikuwa na jina lake yeye, alilokuwa ameliandika kwa vidole vyake mwenyewe wiki ile walipooana, akicheka peke yake kama mwehu. Na chini kabisa, kwenye nafasi ya hali ya mfanyakazi, palikuwa na herufi moja tu. K. Kazini.

Hakubadilisha kitu. Aliondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani, akasikiliza dirisha.

Kioo cha dirisha la ofisi ile kilikuwa kimelegea kwenye fremu siku nyingi, na seremala wa kampuni alikuwa ameahidi kukikaza mpaka ahadi yenyewe ikaota ndevu. Sasa alimshukuru kwa uvivu wake. Mtambo wa kutoboa mwamba ulipofanya kazi kule kwenye mdomo wa mgodi, kioo kilivuma kama nyuki aliyefungiwa koponi. Mtambo ulipozimwa, kioo kilinyamaza. Waokoaji waliuzima kila baada ya muda, wakasikiliza kama kuna mtu anayegonga upande wa pili, kisha wakauwasha tena. Tangu handaki liporomoke, mwanamke huyu alikuwa akiishi na kioo kile. Kikivuma, anapumua. Kikinyamaza, anangoja.

Asubuhi ile kilikuwa kinavuma.

Ofisini walimwita Bi Kijani. Kompyuta mpya zenye picha na rangi zilipoletwa, wenzake wote walizipokea kwa shangwe, yeye akabaki na mtambo wa zamani wa kompyuta na herufi zake za kijani, kwa sababu rekodi za wafanyakazi wote wa mgodi zilikuwa humo na hakuna aliyethubutu kuzihamisha. Programu zake nyingi aliziandika yeye. Alikuwa mtu wa utaratibu, na kwa habari ya rekodi alikuwa mkali kuliko pilipili. Ukutani, juu ya kichwa chake, alikuwa amebandika karatasi yenye maneno ya wino mnene: TAZAMA BILA KUSHIKA. UKISHIKA, BADILISHA. UKIBADILISHA, ACHIA.

Karani mpya akija, Bi Kijani alimweleza jambo hilo kwa mfano mmoja, na makarani wa kike walikuwa wakifunika mdomo kwa aibu. "Kuna kutazama rekodi na kuna kuishika," alikuwa akisema. "Kutazama hata mia watatazama pamoja. Lakini ukiita rekodi kwa nia ya kuibadilisha, mtambo unaifunga kwa jina lako. Ni choo cha wapangaji. Umeingia, umetia komeo, wenzako wako nje wamebana miguu. Fanya kilichokupeleka, utoke. Chooni si mahali pa kusomea gazeti." Siku moja karani wa mishahara alikwenda kunywa chai huku ameishika rekodi ya meneja, mishahara ya kampuni nzima ikasimama mlangoni mwa mtu mmoja. Bi Kijani alimfuata mpaka kantini na kumrudisha kikombe mkononi, na watu walicheka mwezi mzima.

Na leo yeye mwenyewe, mwenye sheria zake, alikuwa ameingia, ametia komeo, na hakuwa na nia ya kutoka.

Jana yake meneja aliwaita ukumbini, akasoma tangazo bila kuinua macho. Wote waliokuwa handaki la chini siku ile, waliotolewa wakiwa wameshakufa na wale ambao hawakuonekana, hali zao zingebadilishwa kwa programu moja, asubuhi, kutoka K kwenda M, yaani Marehemu. Mtambo ungechapa orodha, pamoja na karatasi za hospitali ili familia zikabidhiwe maiti zao. Afisa usalama angetia saini kwenye orodha. Saini ikishakaa, waokoaji wanaondoka na mdomo wa handaki unazibwa kwa zege.

Mtu mmoja nyuma aliuliza, "Na wasioonekana je?"

"Wamo kwenye orodha," meneja alisema.

Bi Kijani aliambiwa kwa upole asije kazini kesho yake. Alikuja. Nyumbani wifi zake walikuwa wameshaanza kulia kwa sauti ya matanga, na shemeji yake mkubwa alikuwa amemuuliza ni picha gani ya marehemu itapendeza kuwekwa kwenye fremu. Marehemu! Alitaka kumtemea mate usoni. Badala yake alivaa viatu, akatoka, akafika ofisini kabla ya mfagiaji.

Hakuwa na koleo, wala hakuwa na nguvu ya kubeba jiwe hata moja. Alichokuwa nacho ni kitufe. Alijua kwamba programu ile ikifika kwenye rekodi iliyoshikwa na mtu, inangoja. Alijua pia kwamba hairuki mtu. Yeye ndiye aliyeiandika hivyo, kwa sababu wakati fulani umeme ulikatika katikati ya kazi, nusu ya wazee wa kampuni wakastaafu na nusu wakabaki kazini, na ikachukua siku nyingi kuwapanga. Tangu hapo programu ilifuata kanuni moja: ama wote, ama hakuna. Mmoja akikwama, wote wanarudi walipokuwa.

Kwa hiyo alimshika mumewe, akangoja.

Mlango wa chumba cha mtambo ulifunguka mwisho wa korido, na miguu iliyoburuta kandambili ikaja polepole. Alikuwa Mzee Sweta, mwendeshaji wa mtambo. Chumba chake kilipozwa kama jokofu ili mashine zisichemke, ndiyo maana alivaa sweta ya sufu mwaka mzima, hata juani, na alikuwa akiwaambia watu kwamba joto ni uvumi tu. Leo hakuwa na mzaha. Alisimama mbele ya meza, mikono ndani ya mikono ya sweta.

"Bi Kijani."

"Abee, mzee wangu."

"Programu yangu imesimama."

"Imesimama?"

"Usinifanye mtoto. Mtambo umenionyesha imesimama kwa nani, na umenionyesha nani kamshika."

Bi Kijani aliangalia kibodi. Uso ulimwaka moto, kama msichana aliyekutwa anadokoa jikoni.

"Nimepewa majibu matatu ya kuchagua," Mzee Sweta aliendelea kwa sauti ya chini. "Nijaribu tena, niivunje kazi yote, au nimkate aliyeshika. Nikikukata, skrini yako inazimika hapo hapo, na kazi inapita. Ni herufi moja tu, mwanangu."

"Ibonyeze basi."

"Sikuja kuomba ruhusa. Nimekuja kuuliza unataka mpaka lini."

"Mpaka ofisi ifungwe. Afisa usalama anarudi mjini jioni. Asiposaini leo, waokoaji wataingia zamu ya usiku. Usiku mmoja, mzee wangu. Sitaki zaidi."

"Na kesho utataka usiku mwingine."

"Ndiyo," Bi Kijani alisema. "Nitataka."

Mzee alitazama skrini, akasoma kila mstari midomo ikicheza, kama anasoma barua ya ndugu. Alimfahamu fundi wa nguzo. Ndiye aliyemtengenezea rafu za chumba chake, na alipomaliza aligoma kupokea chochote isipokuwa chai.

"Nitajibu ijaribu tena," alisema mwishowe. "Ikigoma, nitajibu ijaribu tena. Mimi ni mzee, sina ninakokimbilia. Lakini na wewe usilale. Ukikaa robo saa bila kubonyeza, mtambo unakutoa wenyewe na rekodi inaachiwa. Hiyo sheria uliiweka wewe, usije ukasema ni mimi."

Akageuka, kandambili zikaburuta kurudi zilikotoka.

Bi Kijani alibonyeza kitufe cha maelezo, cha kwanza kwenye safu ya juu. Kilikuwa hakina madhara. Kilileta vijisanduku viwili vya maneno, kisha vikapotea, na mtambo ukaridhika kwamba bado kuna mtu. Cha tatu kwenye safu hiyo hiyo kilikuwa cha kutoka. Ukikigusa, rekodi inaachiwa. Vitufe viwili hivyo vilitenganishwa na upana wa kidole.

Meneja alipita kabla ya chakula cha mchana, pamoja na afisa usalama aliyekuwa amebeba kofia yake ngumu kwapani. Hawakuingia. Alisikia sauti zao koridoni, wakiulizana na Mzee Sweta.

"Orodha iko wapi, mzee?"

"Bado."

"Bado vipi? Si kazi ya dakika mbili?"

"Ilikuwa kazi ya dakika mbili mtambo ulipokuwa kijana, bwana. Sasa una umri wangu. Wewe niite mara moja uone kama nitaitika."

Afisa usalama alisema atakwenda kula, atarudi saa kumi, na ikipita saa kumi na moja anaondoka, kwa kuwa barabara ile haipitiki gizani. Sauti yake haikuwa ya mtu mbaya. Ilikuwa ya mtu aliyechoka ambaye viatu vyake vimejaa tope. Bi Kijani alitamani kumchukia, hakuweza, na hilo lilimzidishia uchungu.

Alibonyeza. Akangoja. Akabonyeza. Kioo kikanyamaza mara moja, kisha kikavuma tena. Alizungumza na mumewe kimoyomoyo, maneno ya kipuuzi tu. Umevaa fulana nzito? Nilikwambia uvae. Maji unayo? Usiyanywe yote kwa pupa kama kawaida yako. Alimwona amejikunyata chini ya nguzo zake mwenyewe, zile alizozisifu kila siku mezani mpaka mke akawa anazionea wivu. "Nguzo zangu hazianguki," alikuwa akisema. Basi zisianguke, baba. Zisianguke leo.

Alikuwa amefumba macho aliposikia mtu akivuta kiti.

Alikuwa Mama Pacha. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimekaa upande, na mkononi alishika mfuko wa plastiki wenye suruali nyeusi na shati jeupe lililokunjwa vizuri. Mume wake, mwendesha winchi, na fundi wa nguzo walikuwa marafiki kama chanda na pete. Waliajiriwa asubuhi moja, wakiwa wamesimama kwenye foleni moja, mmoja nyuma ya mwenzake, ndiyo maana hata namba zao za kazi zilifuatana. Mwendesha winchi alitolewa siku ya pili. Alikuwa hospitali mjini, kwenye jokofu.

"Dada, pole," Mama Pacha alisema.

"Pole na wewe."

"Nimetoka hospitali. Wanasema hawanipi mtu bila karatasi ya kampuni. Nimekuja hapa, mapokezi wananiambia mtambo umekwama, ningoje. Nimengoja tangu asubuhi. Kaburi limechimbwa, dada. Watu wamesimama. Watoto wananiuliza baba anakuja saa ngapi, na mimi najibu anakuja, kwa sababu kweli anakuja, ila sijui nifafanue vipi." Alicheka kidogo, kicheko kibaya, kisha akakimeza. "Wewe ndiye unayejua mitambo hii. Nisaidie. Nimefika mwisho."

Bi Kijani aliutazama ule mfuko wa nguo. Hili hakulifikiria. Aliwafikiria meneja, afisa, zege. Wale waliokwishapatikana hakuwafikiria kabisa, kana kwamba kufa kwao kuliwaondolea haki ya kungojewa na mtu. Mkono wake ulipanda wenyewe mpaka kwenye kibodi. Kidole kikasimama juu ya kitufe cha tatu.

Hakukibonyeza. Aliurudisha mkono.

"Mtambo haujakwama, Mama Pacha," alisema. "Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ni mimi niliyeukwamisha. Nimemshika mume wangu. Programu haiwezi kupita mpaka nimwachie. Na wako yuko nyuma yake."

Mama Pacha alimkodolea macho. Ilimchukua muda kuyapanga maneno hayo kichwani, na yalipokaa sawa alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Yaani baba wa watoto wangu yuko kwenye barafu kwa ajili yako?"

"Ndiyo."

"Nimekaa pale kwenye benchi kama mzigo, na wewe uko huku juu unajua?"

"Sikujua kwamba umekuja. Lakini ndiyo."

"Mungu wangu! Wewe mwanamke una roho gani? Tumekula chungu kimoja mimi na wewe!" Sauti ilipanda, karani mmoja akachungulia mlangoni na kujitoa haraka. "Mwachie. Mwachie sasa hivi nikamzike mwenzangu."

Bi Kijani alieleza tu, kwa sauti iliyokuwa ikikatika, habari ya orodha na saini na zege, na kwamba akimwachia tu, jioni hii waokoaji wanafunga virago. Hakumsihi. Alipomaliza alifuta pua kwa kiganja kama mtoto.

Mama Pacha aliinua kiti, akakaa.

"Wangu yuko humo pia?"

"Yumo."

"Nionyeshe."

"Nitamtazama tu, sitamshika," Bi Kijani alisema, kwa mazoea, hata alipokuwa akilia. Alifungua skrini ya pili, akaita namba inayofuata kwa kutazama. Mwendesha winchi akaja. Jina. Cheo. Kituo. Mtu wa karibu. K.

Mama Pacha aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Alifuata mistari kwa kidole, akafika chini.

"Hii K ni nini?"

"Kazini."

"Bado wamemwandika yuko kazini."

"Ndiyo."

"Naye alivyokuwa mvivu wa kuamka," Mama Pacha alisema, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza, mengi, bila sauti. Aliyaacha yateremke. Alikunja upya shati ndani ya mfuko, ingawa lilikuwa limekunjwa.

Kioo kilivuma. Bi Kijani alibonyeza kitufe cha maelezo, na Mama Pacha akaangalia jinsi alivyofanya.

"Mimi wangu nimemwona," Mama Pacha alisema. "Nimemfuta vumbi kwenye nyusi. Nimemwambia yote niliyokuwa nayo, na mengine nimemtukana. Wewe hujamwona wako."

"Sijamwona."

"Basi shika, dada. Wangu hana haraka tena."

Bi Kijani aliuma mkono wake ili asipige ukelele. Angeweza kuhimili matusi. Wema ule ulimvunja vipande, akaweka kichwa mezani kando ya kibodi na kulia mpaka mgongo ukamtikisika, na mwenzake akamshika begani bila kumwambia anyamaze.

Simu ya mezani ililia. Meneja alimtaka ofisini kwake, mara moja, na sauti yake ilionyesha kwamba ameshajua.

"Nikiondoka hapa itajiachia," Bi Kijani alisema baada ya kuweka simu. "Lazima mtu abonyeze."

"Nibonyeze kipi?"

"Hiki cha kwanza huku juu. Kila ukijisikia, bonyeza, hata usipojisikia. Cha tatu usikiguse. Mama Pacha, hata kama nyumba inaungua, cha tatu usikiguse."

"Hiki cha kwanza," Mama Pacha alisema. Alihamia kiti cha mwenzake, akaweka mfuko wa nguo mapajani, akanyoosha kidole kimoja kama mtu anayejifunza kushona kwa cherehani.

Ofisi ya meneja ilikuwa mwisho wa korido, ukuta mmoja na chumba cha mtambo. Afisa usalama alikuwa amekwisharudi, amekaa pembeni, kalamu mfukoni. Meneja hakumwambia akae. Hakuwa na hasira, ila alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala.

"Iachie ile rekodi," alisema.

"Siwezi, bwana."

"Wewe ndiye uliyebandika ile karatasi ukutani."

"Najua nilichobandika."

"Sikiliza, mama. Paa la handaki linamwaga mawe. Jana usiku limekosa kumuua kijana mmoja. Wale wanaochimba nao wana wake zao. Nikiwaacha usiku mwingine na likashuka, nitakuja kukutazama usoni nikwambie nini? Na wao niwaambie nini?"

Hili nalo lilikuwa kweli. Bi Kijani alishika mgongo wa kiti.

"Wenyewe wamesema wanataka kuondoka?"

Meneja alimtazama afisa usalama. Afisa alitazama kofia yake.

"Hawajasema," afisa alijibu taratibu. "Wamekataa hata kupokezana."

"Basi mniache na mimi nikatae," Bi Kijani alisema. "Sina kingine cha kumfanyia. Siwezi kumpelekea maji, wala siwezi kumwita akanisikia. Niandikieni barua ya kunifukuza, nitaipokea kwa mikono miwili. Lakini sitamwandika amekufa, na sitamwachia mtu mwingine amwandike. Mpaka ofisi ifungwe. Nakuombeni. Mpaka ifungwe tu."

Meneja alijipangusa uso kwa mikono yote miwili. Kisha aliinua simu na kupiga chumba cha mtambo.

Kupitia ukutani waliisikia ikilia. Ikalia, ikalia. Walisikia pia kandambili zikiburuta, zikija karibu na simu, zikisimama, halafu zikirudi zilikotoka. Simu ikaendelea kulia.

"Huyu mzee amekuwa kiziwi lini?" meneja aliuliza.

Wakati huo huo dirisha lilinyamaza.

Humo ofisini mwa meneja pia kioo kilikuwa kimelegea, na wote watatu walikuwa wamezoea mvumo wake bila kujua. Ulipokatika, chumba kilikuwa kama kimetolewa hewa. Meneja alibaki na mkono wa simu hewani. Bi Kijani aliangalia kioo. Sasa utaanza, alijiambia. Wanasikiliza, halafu unaanza. Haukuanza. Alivuta pumzi, akaitoa, akavuta nyingine. Huko nje hata sauti za wanaume kwenye mdomo wa mgodi zilikuwa zimekoma, kama mtu amewainulia wote mkono.

"Wameacha," meneja alinong'ona.

"Au wamesikia," afisa usalama alisema, na alikuwa ameshasimama, kofia imemdondoka sakafuni.

Bi Kijani aligeuka akatoka mbio. Korido haikuwahi kuwa ndefu kiasi kile. Makarani walikuwa wamesimama milangoni mwao bila kusema, na Mzee Sweta alikuwa ametoka kwenye baridi yake, kichwa kimeinamia upande wa dirisha. Alifika kwenye mlango wa ofisi yake akaushika kwa mikono yote miwili. Ndani kulikuwa kimya, kioo kimetulia kama maji ya ndoo. Mama Pacha alikuwa amempa mgongo, amekaa wima, mfuko wa nguo mapajani. Hakugeuka kutazama nani ameingia. Alikuwa ameinamia ile herufi ya kijani, na kidole chake kikapanda, kikashuka kwenye kitufe cha kwanza, kikapanda tena.